Kaare Klint, Mwalimu wa Waunda Viti

UTANGULIZI

Mwaka wetu wa kwanza wa kufundisha tulikabidhiwa darasa la kwanza katika shule moja ya kijijini. Madawati mapya yaliletwa mwezi wa pili, yote ya kipimo kimoja tangu darasa la kwanza hadi la saba. Kikalio kilikuwa sentimeta 45 kutoka sakafuni. Watoto wetu walikuwa na umri wa miaka saba, na wengi wao, kutoka unyayo hadi nyuma ya goti, hawakuzidi sentimeta 32. Wakakaa miguu ikining'inia, ukingo wa meza ukiwagusa kifuani, na mkono wa kuandikia umeinuliwa karibu na usawa wa bega. Kabla ya saa nne ya asubuhi wengine walikuwa wamepiga magoti juu ya kikalio na wengine wamesimama. Nasi, kwa ugeni wetu katika kazi, tuliwakemea kwa utundu. Ilipita miaka kadhaa ndipo tukatambua kwamba watoto wale hawakuwa watundu. Walikuwa wakitafuta namna ya kuandika.

Kosa hilo hutujia moyoni kila tusomapo habari za Kaare Klint, Mdenmark aliyeishi tangu mwaka 1888 hadi 1954. Katika nchi za Skandinavia, yaani Denmark, Sweden na Norway, pamoja na jirani yao Finland, karne ya ishirini ilileta viti vya mbao vilivyosifiwa duniani kote kwa wepesi, uimara na uzuri usio na madoido. Kwa upande wa Denmark, wengi humtaja Klint kuwa baba wa kazi hiyo. Hata hivyo hatukusudii hapa kumsifu kwa viti vyake tu, kwani idadi ya viti alivyobuni si kubwa. Tunakusudia kumweleza kwa sababu alikuwa mwalimu kwa muda wa miaka thelathini, na mbinu aliyoitumia kufundisha inaweza kumfaa mwalimu wa shule ya msingi hata kama hatashika randa maishani mwake.

MALEZI YAKE

Kaare Klint alizaliwa tarehe 15 Desemba, 1888, huko Frederiksberg, mji ulio pamoja na Copenhagen, mji mkuu wa Denmark. Baba yake, Peder Vilhelm Jensen-Klint, alikuwa msanifu wa majengo. Wahenga wetu walisema kuwa mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, na ndivyo ilivyokuwa kwa kijana huyu. Kwanza alijifunza uchoraji, na baadaye akaingia katika usanifu wa majengo, akifunzwa na baba yake pamoja na wasanifu wengine, hasa Carl Petersen.

Yafaa tumtazame kidogo baba huyo, kwa kuwa mengi ya mwana yalianzia kwake. Jensen-Klint aliheshimu sana kazi ya mikono. Aliyatazama makanisa ya kale ya vijijini, yaliyojengwa na mafundi wasiojulikana majina, akaona kwamba humo mna elimu ambayo msanifu wa mjini hana budi kuiendea kwa adabu. Kazi yake kuu ni kanisa kubwa la mjini Copenhagen lililojengwa kwa mamilioni ya matofali ya manjano, kwa kumkumbuka N. F. S. Grundtvig, mchungaji na mwanaelimu aliyefariki mwaka 1872. Ujenzi ulianza mwaka 1921. Baba alifariki mwaka 1930 kabla ya kazi kwisha, na Kaare akaiendeleza hadi ilipokamilika mwaka 1940.

Jina la Grundtvig si geni kabisa katika elimu yetu, ingawa wengi hawalijui. Mawazo yake ndiyo yaliyozaa shule za watu wazima za vijijini huko Denmark, ya kwanza ikifunguliwa Rødding mwaka 1844. Kutoka huko zilienea hadi Sweden. Tanzania ilipoanzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi mwaka 1975 kwa msaada wa Sweden, shule za namna hiyo ndizo zilizokuwa mfano. Kwa hiyo nyumba aliyokulia Klint na vyuo vyetu hivyo vimekunywa katika kisima kimoja, kile cha kuamini kwamba maarifa ya watu wa kawaida ni maarifa kamili na yastahili kufundishwa.

KITI CHA KWANZA

Mwaka 1914 Carl Petersen alikuwa akijenga nyumba ya makumbusho ya picha katika mji mdogo wa Faaborg, kwenye kisiwa cha Fyn. Klint, aliyekuwa na umri wa miaka ishirini na mitano, alishirikiana naye kuzitengenezea nyumba hizo samani. Hapo ndipo kilipozaliwa kiti chake cha kwanza mashuhuri.

Jambo la kuangalia ni maswali yaliyotangulia kiti hicho. Nani atakikalia? Mgeni aliyekuja kutazama picha. Atafanya nini nacho? Atakisogeza kutoka picha hii hadi ile. Basi kiti kiwe chepesi, mtu mmoja aweze kukiinua. Kitakaa wapi? Katika vyumba vyenye sakafu iliyopambwa kwa ustadi. Basi kisiizibe sakafu. Kwa ajili hiyo Klint alifanya fremu ya mwaloni iliyo nyembamba, akasuka kikalio na egemeo kwa henzirani, na egemeo lenyewe likazunguka mviringo hadi mbele na kuwa mahali pa kuwekea mikono. Macho hupenya katika msuko ule, na sakafu ikaonekana.

Mwalimu mwanafunzi na atambue mpangilio huo wa fikra. Hakuanza na umbo alilolipenda yeye. Alianza na mtu atakayetumia, halafu kazi, halafu mahali, na umbo likaja mwisho. Maandalio ya somo yaliyo mema hufuata njia hiyohiyo.

KUPIMA

Baada ya Faaborg, Klint aliingia katika kazi ambayo wenzake wengi wangeiona kuwa ya kuchosha. Alianza kupima. Aliupima mwili wa binadamu: urefu wa mguu kutoka unyayo hadi goti, urefu wa paja, kimo cha kiwiko mtu akiwa ameketi, umbali ambao mkono hufika bila mtu kuinama. Kisha akavipima vitu vya nyumbani: sahani, bilauri, visu na nyuma, mashati yaliyokunjwa, vitambaa vya meza, karatasi na vitabu.

Alikuwa na sababu. Aliona kwamba mafundi wengi waliunda makabati kwa kufuata desturi au kwa kupendeza macho, kisha mwenye nyumba akalazimika kuvibana vitu vyake humo. Droo ilizidi upana wa shati kwa nusu shati, na nafasi hiyo ikapotea bure. Rafu ilipungua kwa vidole viwili tu, na sahani haikuingia. Klint akageuza mambo. Alijua kwanza ni vitu vingapi nyumba ya kawaida inavitumia na kila kimoja kina ukubwa gani, ndipo akachora kabati. Kabati lake la vyombo la mwaka 1930 lilipangwa hivyo: kila sehemu ilikuwa na kipimo kilichotokana na chombo kitakachokaa humo, na kwa sababu hiyo likaweka vyombo vingi katika nafasi ndogo.

Katika hesabu za shuleni, kupima aghalabu hufundishwa kama sura ya kitabu. Mtoto hujifunza kwamba sentimeta 100 ni meta moja, hujibu maswali kumi, kisha hufunga daftari. Ni nadra kuonyeshwa kwamba kipimo huamua kama mtu atakaa kwa raha au kwa maumivu. Kwa Klint kipimo kilikuwa namna ya kumheshimu mtumiaji, kwa kuwa huwezi kumpima mtu bila kumtazama.

MWALIMU KATIKA MAKUMBUSHO

Mwaka 1924 Klint alianza kuongoza shule mpya ya samani katika Chuo cha Kifalme cha Sanaa cha Denmark, mjini Copenhagen. Katika miaka hiyohiyo, yeye pamoja na Ivar Bentsen walikuwa wakiigeuza hospitali ya kale ya mji huo, iliyojengwa katikati ya karne ya kumi na nane, kuwa Makumbusho ya Sanaa za Ufundi. Kazi hiyo ilikamilika mwaka 1926. Klint akaishi na kufanya kazi humo, amezungukwa na samani za kale za mataifa mengi.

Kumbukeni hali ya Ulaya ya wakati huo. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imekwisha mwaka 1918, na vijana wengi waliona kwamba mambo ya kale yamewaangusha. Huko Ujerumani shule ya Bauhaus, iliyoanzishwa mwaka 1919, iliwahimiza wanafunzi waanze upya, na katikati ya miaka ya 1920 viti vya mabomba ya chuma vikatokea. Klint naye alikubali kwamba kuiga nakshi za kale ni kazi isiyo na uhai. Lakini alikataa kuamini kwamba vizazi vyote vilivyopita havikujua lolote kuhusu kukaa kitako. Mwili wa mtu haujabadilika. Ikiwa fundi wa karne ya kumi na nane alipata mwinamo mzuri wa egemeo, kwa nini mwanafunzi wa leo apoteze miaka akiutafuta tena gizani?

Kwa hiyo somo lake liliendeshwa hivi. Mwanafunzi alipewa kiti cha kale kilichokuwapo katika makumbusho. Alikitazama, akakipima sehemu baada ya sehemu, akachunguza viungo vyake, jinsi ulimi wa ubao mmoja unavyoingia katika tundu la mwingine, kisha akakichora kwa vipimo kamili. Hakuambiwa akiige. Aliulizwa: kwa nini mguu huu ni mnene hapa na mwembamba pale? Kwa nini egemeo linalala kiasi hiki? Ni ipi kazi ya ubao huu unaounganisha miguu? Ni kipi ambacho tukikiondoa kiti kitabaki kiti, na ni kipi tukikiondoa kitaanguka? Aliyeweza kujibu maswali hayo alikuwa amejifunza kwa fundi ambaye alikuwa kaburini zaidi ya miaka mia.

Viti vilivyochunguzwa vilitoka pembe nyingi za dunia. Vilikuwapo vya Kiingereza vya mtindo wa Chippendale, na umbo la kigoda cha kukunja cha Misri ya kale, na viti vya Wachina, na vile vya Washaker, jumuiya ya kidini ya Marekani iliyounda samani zisizo na pambo lolote. Klint hakuuliza kiti kilitoka kwa taifa gani kabla ya kukubali kufunzwa nacho.

KITI CHEKUNDU NA KITI CHA SAFARI

Viti viwili vyatosha kuonyesha mbinu hiyo inavyozaa matunda.

Cha kwanza huitwa Kiti Chekundu, nacho kilibuniwa mwaka 1927 kwa ajili ya ukumbi wa mihadhara wa makumbusho yale. Asili yake ni viti vya Kiingereza vya karne ya kumi na nane. Klint aliondoa nakshi zote. Yakabaki yale yaliyokuwa yakifanya kazi: miguu minne iliyonyooka, mbao za kuiunganisha chini, uwiano wa kikalio na egemeo. Mbao zilikuwa mahogani, na ngozi iliyowambwa ilikuwa ya mbuzi, kutoka Afrika ya Magharibi. Kilitengenezwa katika karakana ya Rud. Rasmussen mjini Copenhagen, ambayo mafundi wake walikuwa na ustadi wa kumridhisha hata Klint, mtu asiyeridhika upesi.

Cha pili kina jina lililotoka kwetu. Ni Kiti cha Safari cha mwaka 1933. Asili yake ni kiti cha kukunjua kilichotumiwa na maofisa wa jeshi la Uingereza nchini India, kikiitwa kwa jina la mji wa Roorkee. Kutoka huko kiti hicho kilienea kwa wasafiri na wawindaji wa Kizungu waliopiga kambi Afrika ya Mashariki, na Klint alikiona katika picha za kitabu cha safari za Afrika. Neno letu safari lilikuwa limekwisha kuingia katika lugha za Ulaya, nalo likawa jina la kiti.

Uzuri wa kiti hiki umo katika akili ya muundo wake.  Miguu minne ya mviringo ina matundu, na mbao za kuunganisha zina ncha zilizochongoka ambazo huingia humo. Kikalio na egemeo ni vya turubai au ngozi, na mikono ni mikanda ya ngozi. Mtu anapokaa, uzito wake huvivuta viungo na kuvikaza. Tena, kwa kuwa viungo vinalegea kidogo, kila mguu hutafuta ardhi yake, na kiti husimama imara hata mahali penye mabonde. Anayehama hukifungua kwa mikono mitupu na kukifunga kama mzigo mdogo. Klint hakudai kwamba amekibuni kutoka hewani. Alikitazama kilichokuwapo, akakipima, akakisafisha, akakiboresha.

Mwaka 1936 alitoa kiti kingine cha unyenyekevu zaidi, kwa ajili ya kanisa la Bethlehem mjini Copenhagen: fremu ya mbao nyeupe na kikalio cha nyasi zilizosokotwa. Viti vya namna hiyo viliwekwa pia katika lile kanisa kubwa alilolianza baba yake, pale ambapo makanisa mengi ya Ulaya huweka mabenchi mazito yasiyohamishika.

UPUNGUFU WA KAZI YAKE

Tukimweleza mtu kana kwamba hakuwa na upungufu, hatumfundishi msomaji. Klint alifanya kazi polepole mno. Alirudia mchoro mmoja mara nyingi, na baadhi ya mawazo yake hayakuingia viwandani akiwa hai. Anacho kigoda cha kukunja ambacho miguu yake, ikikunjwa, hulaliana na kuwa kama fimbo moja ya mviringo. Kilianza kutengenezwa kwa ajili ya kuuzwa mwaka 1962, miaka minane baada ya kifo chake.

Jambo zito zaidi ni bei. Mahogani, ngozi laini na siku nyingi za fundi bingwa ni vitu vya gharama. Mtu aliyepima mashati ya nyumba ya kawaida aliunda samani ambazo nyumba ya kawaida haikuweza kuzinunua. Hapo ndipo kazi yake ingeweza kukomea, ikabaki katika makumbusho na katika nyumba za wenye nacho, kama asingekuwa na wanafunzi.

WANAFUNZI WAKE

Børge Mogensen, aliyezaliwa mwaka 1914, aliingia katika shule ya Klint akiwa tayari amepitia kazi ya useremala, na baadaye akawa msaidizi wake chuoni. Mwaka 1942 aliwekwa kuongoza ubunifu wa samani katika FDB, chama kikuu cha ushirika wa wanunuzi cha Denmark. Huko alichukua mbinu ya mwalimu wake, akaipeleka kwa watu ambao mwalimu hakuwafikia. Kiti chake cha mwaka 1947, kilichopewa jina la kiti cha watu, kilikuwa cha mbao za kawaida za nchini, rahisi kutengenezwa kwa mashine, na kikalio chake kilisukwa kwa kamba ya karatasi, kifaa kilichoshika nafasi ya nyasi za kusukia baada ya nyasi hizo kuadimika wakati wa vita. Uwiano wake ulikuwa wa darasa la Klint, na bei yake ilikuwa ya duka la ushirika. Mogensen naye aliendelea kupima mashati na vijiko hadi akashiriki, mwaka 1954, kubuni makabati yaliyojengwa pamoja na kuta za nyumba.

Wengine walikuwa Mogens Koch, aliyebuni kiti mashuhuri cha kukunja mwaka 1932, na Ole Wanscher, aliyeshika nafasi ya ualimu ya Klint baada yake. Hata Hans Wegner, mwana wa fundi viatu ambaye viti vyake vimeenea duniani kuliko vya Wadenmark wengi, alifundishwa katika shule nyingine na mwalimu aliyekuwa mwanafunzi wa Klint. Wegner alivitazama viti vya kale vya Wachina, akaviendeleza hatua kwa hatua, hadi mwaka 1949 akapata kiti cha mbao cha mviringo. Mwaka 1960 kiti hicho kilionekana na mamilioni ya Wamarekani, kwa kuwa ndicho kilichowekwa katika studio ya televisheni siku Kennedy na Nixon walipojadiliana wakigombea urais.

Klint alifanywa profesa mwaka 1944 na akaendelea kufundisha hadi mwisho. Katika miaka hiyo alibuni pia vifuniko vya taa vya karatasi iliyokunjwa, kwa ajili ya kampuni ya ukoo wao iliyoanzishwa mwaka 1943. Alifariki tarehe 28 Machi, 1954, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano. Viti vyake vingali vikitengenezwa hata leo, lakini nguvu yake iko zaidi katika viti ambavyo hakuvichora.

MAFUNZO KWA MWALIMU WA SHULE YA MSINGI

Je, mwalimu mwanafunzi anaweza kuchuma nini katika maisha haya? Sisi tunaona mambo matatu.

Kwanza, apime kabla hajalaumu. Mtoto asiyetulia, asiyeandika vizuri au asiyesoma ubaoni aghalabu anatuambia habari fulani kuhusu dawati, mwanga, umbali au njaa. Kabla ya kumwita mtundu, hatuna budi kuhakikisha kwamba tumemtazama. Chuoni petu tumejaribu somo la hesabu la darasa la tano kwa njia ifuatayo. Watoto hugawanywa wawili wawili, kila jozi ikiwa na uzi na rula. Kila mtoto hupimwa akiwa ameketi, kutoka unyayo hadi nyuma ya goti, viatu vikiwa vimevuliwa. Vipimo vyote huandikwa ubaoni kwa mpango wa jedwali. Darasa hutafuta kipimo kidogo, kipimo kikubwa na wastani. Ndipo dawati hupimwa na tofauti hutafutwa kwa kutoa. Swali la mwisho huachiwa watoto: tufanyeje? Mara moja darasa liliamua kwamba wafupi wabadilishane madawati na darasa la chini, ambako walikuwako watoto warefu. Mara nyingine waliomba vipande vya mbao kwa seremala wa jirani, wakaviweka chini ya miguu. Hesabu ilikuwa ileile ya kitabuni, ila safari hii jibu lilikaliwa.

Tahadhari moja yahitajika. Vipimo vya mwili visigeuzwe kuwa mzaha wa kuwacheka wafupi au wanene. Mwalimu na aanze kwa kujipima yeye mwenyewe mbele ya darasa.

Pili, aanzie na kitu kilichopo. Klint alikwenda makumbusho, sisi tuna kigoda, mbuzi ya kukunia nazi, kitanda cha kamba, mkeka na kinu. Pwani yetu ina viti vya enzi vya Lamu na Unguja, vyenye egemeo refu na msuko wa kamba, kazi ya mafundi waliojua viungo kikamilifu. Kigoda kimoja kikiletwa darasani chaweza kuzaa somo la hesabu, la kuchora, la historia na la lugha. Watoto wakichore, wakipime, waulize kwa nini kimechongwa hivyo, kisha wamwendee mzee aliyekichonga na kumwuliza. Lakini tusiishie katika kusifu mambo ya kale. Swali la Klint ni lazima liulizwe: ni kipi hapa kinachofanya kazi, na ni kipi tunachoweza kukiboresha?

Tatu, akubali kupitwa. Mogensen alifanya lile ambalo Klint hakuliweza, naye hakuweza kulifanya pasipo Klint. Mwalimu anayetaka wanafunzi wafanane naye atapata vivuli. Anayewapa njia ya kuuliza, kupima na kujaribu atapata watu watakaofika asikofika yeye. Wengi wetu tutafundisha katika shule zenye vifaa haba, na majina yetu hayatawekwa katika makumbusho yoyote. Hata hivyo, mtoto aliyefundishwa kutazama vizuri huko kijijini aweza siku moja kuunda dawati ambalo sisi hatukulipata.

KAZI YA KUFANYA

1. Katika mazoezi yenu ya kufundisha, pimeni kikalio na meza ya madawati matano, na miguu ya watoto watano wanaoyakalia. Andikeni tofauti mlizoziona, na hatua moja inayoweza kuchukuliwa bila gharama.

2. Chagueni chombo kimoja cha jadi cha mahali mlipo. Kichoreni kwa vipimo, kisha tungeni maswali sita ambayo mtoto wa darasa la nne anaweza kuyajibu kwa kukitazama na kukishika tu.

3. Jadilini: mwalimu akimpa mwanafunzi mfano wa kale wa kufuata, atajuaje kwamba anamfundisha kufikiri na hamfundishi kuiga?

4. Kumbukeni mtoto mmoja mliyewahi kumwita mtundu. Kaeni mahali alipokaa, kwa muda wa kipindi kimoja kizima, na muandike mliyoyaona kutoka hapo.